Kabla ya kupunguzwa tumbo nimeambiwa nikaonane na mwanasaikolojia. Kwani nina wazimu?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina miaka 39, nauza nguo za kina mama hapa Masasi. Nina kilo 118, urefu sentimita 162. Kisukari mwaka wa nne huu, na magoti yananiua. Nilikwenda Dar es Salaam, daktari bingwa wa upasuaji amekubali kunipunguza tumbo, ila kabla ya kunipa tarehe ameniandikia nikaonane na mwanasaikolojia. Kusema kweli nimeumia. Mimi naendesha duka, nalea watoto, sijawahi kuokota makopo. Ninachojua tatizo langu ni usiku: nikishafunga duka nakula mpaka nalala. Mume wangu yuko upande wangu, lakini mama mkwe anasema nikikonda watu watasema nina ngoma. Mimi nataka nirudie kilo 60 za wakati naolewa. Huko nikienda wataniuliza nini? Na wakinikataa je? Mama Nasra, Masasi.

JIBU: Marahaba, Mama Nasra, na pole na magoti.

Nianze na hilo lililokuuma. Karatasi uliyoandikiwa haisemi kwamba una kasoro ya akili. Pale upasuaji huu unapofanywa kwa utaratibu, kila mgonjwa hupitishwa kwa mwanasaikolojia, kama anavyopitishwa kwa mtaalamu wa lishe na kwa daktari wa usingizi. Ungeniambia umepewa tarehe papo hapo bila kuulizwa unakula nini, saa ngapi na kwa nini, hapo ndipo ningekwambia utafute mpasuaji mwingine.

Tazama upasuaji wenyewe unafanya nini. Ule unaofanywa zaidi siku hizi huondoa kama asilimia 80 ya tumbo la chakula kwa njia ya matundu madogo, likabaki bomba jembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo mwaka wa kwanza njaa hupungua kweli, na wapo wanaosahau kula. Njaa ya tumbo inaguswa. Sasa soma tena ulichoniandikia: “nikishafunga duka nakula mpaka nalala.” Hukusema unasikia njaa. Umetaja saa, na umetaja usingizi. Hayo mawili hayamo katika kile kipande cha tumbo kitakachotolewa. Utarudi nayo Masasi ndani ya basi lilelile.

Hicho ndicho mwanasaikolojia anachotaka kukijua. Mazungumzo huchukua saa moja na ushee, pengine mtakutana zaidi ya mara moja. Atakuuliza unene ulianza lini na maisha yalikuwaje wakati huo. Atauliza umeshajaribu nini: kufunga, chai za majani, vidonge vya mitaani. Atauliza kama unakula kwa kujificha, kama ukishaanza unaweza kusimama, kama umewahi kujitapisha. Pengine utapewa dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kufanya mambo, kujiona hufai, na kama wazo la afadhali kufa limekupitia. Wapo wanaojibu “hapana” mstari hadi mstari kana kwamba wako kwenye usaili wa kazi. Wewe jibu ilivyo.

Kuna swali litakalokushtua, kwa hiyo nalitaja mapema: kama uliwahi kupigwa au kudhalilishwa kimwili, hasa utotoni. Haliulizwi kwa umbea. Miongoni mwa wanaotafuta upasuaji huu wamo wengi wenye historia hiyo, na kwa baadhi yao mwili mkubwa umekuwa kinga, wanaume hawawatazami. Uzito unapoondoka macho ya wanaume yanarudi, na hofu ya zamani inarudi nayo. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuanza kula tena bila mwenyewe kuelewa kimempata nini. Kama halikuhusu, utasema halinihusu, mtaendelea. Kama linakuhusu, ni bora litoke kabla ya kisu.

Na uombe uonwe peke yako walau nusu ya muda, hata kama mume wako ni mtu mwema. Swali la “ni nani hasa anayeutaka upasuaji huu?” hujibiwa vizuri zaidi mwenza akiwa amekaa nje.

Kuhusu kukataliwa: ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Kinachotokea zaidi ni kuahirishwa. Wanaoahirishwa ni wenye sonona kali isiyotibiwa, wenye mawazo ya kujiua, wanaosikia sauti na hawajaanza dawa, wanaokunywa pombe kupita kiasi au kutumia dawa za kulevya, wanaojitapisha baada ya kula, na wale ambao ukiwauliza upasuaji ni nini wanasema ni sindano ya kuyeyusha mafuta. Hao hutibiwa au huelimishwa kwanza, kisha hurudi. Kuwa na sonona iliyotulia kwa dawa hakukuzuii. Kula usiku hakukuzuii.

Ila huko kula usiku kuna sura mbili, na sitaki nikisie yako kwa barua. Sura ya kwanza: mtu anakunywa chai na maandazi mawili asubuhi, anasimama dukani mchana kutwa, halafu saa 3 usiku mwili unadai kila ulichonyimwa. Dawa yake kubwa ni chakula cha mchana. Sura ya pili: mtu ameshiba, lakini nyumba ikishanyamaza kuna kitu kinamkaa kifuani, na chakula ndicho kinachokituliza. Huyo anahitaji tiba ya mazungumzo inayofuatilia wazo lililotangulia, hisia iliyofuata na mkono ulivyokwenda kwenye sufuria. Wengi wana zote mbili. Ili msikisie, chukua daftari jipya la dukani, ukae nalo wiki mbili, uandike hivi:

Jumatatu, saa 3 na nusu usiku. Wali wa nazi sahani mbili, samaki, soda. Mchana sikula, mzigo ulikuwa umeingia.

Jumatano, saa 4 usiku. Chapati nne, mbili nimekula nimesimama jikoni. Wifi alipiga simu kuhusu ile hela.

Usijipunje na usijitukane humo ndani. Ukifika kwa mwanasaikolojia na kurasa kama hizo, mtakuwa mmeokoa mkutano mzima. Na uanze mazoezi kabla ya upasuaji: kula mara tatu kwa saa zinazojulikana, tafuna mpaka chakula kilainike kabisa, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, usinywe maji huku unakula. Baada ya upasuaji hayo ni lazima, na ni vigumu kujifunza mambo manne mapya ukiwa na mshono tumboni.

Sasa kilo 60. Hapa nitakuudhi kidogo. Uwiano wako wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ni 45. Kwa vigezo vilivyotumika duniani tangu 1991, upasuaji hufikiriwa kuanzia 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa fani hii vikashusha hadi 35 kwa yeyote. Kwa hiyo kimwili unastahili bila ubishi. Lakini wengi wanaofanyiwa hupoteza robo ya uzito wao wote au inayozidi robo kidogo, theluthi wakibahatika, katika mwaka mmoja hadi miwili. Kwako hizo ni kama kilo 30 hadi 35, ziada kidogo ukibahatika. Yaani utasimama karibu na 83 mpaka 88, na baada ya hapo wengi huongezeka tena kiasi fulani. Kwa kilo hizo kisukari kinaweza kushuka sana, wapo wanaopunguziwa au kuachishwa dawa, na magoti yatakushukuru. Huo ni ushindi mkubwa. Tatizo ni kwamba aliyebeba 60 kichwani, akifika 86 anajiona ameshindwa, na mtu anayejiona ameshindwa tunajua saa 4 usiku anakwenda wapi. Kama unataka kipimo cha kufukuzia, chagua kingine: kupanda ngazi za benki bila kupumzika, kusujudu bila kushikilia kiti, sukari ya asubuhi.

Mama mkwe wako hajakosea kuhusu maneno ya watu. Huku kwetu kusini mwanamke akinenepa ndoa yake inasifiwa, akikonda anahesabiwa siku. Watasema ngoma, watasema karogwa, na kwa kuwa una duka watasema umeweka masharti ya biashara. Kujifanya hayatakuja ni kujidanganya. Andaa sentensi moja sasa hivi, uizoee mdomoni: “Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, daktari kanipangia chakula.” Ni kweli, ni fupi, na aliye mbali hahitaji zaidi ya hapo. Halafu chagua watu wawili watakaojua kila kitu. Mumeo ni wa kwanza. Wa pili awe mwanamke mtu mzima unayemwamini, somo wako kama yupo, ambaye mbele yake unaweza kulia bila habari kufika sokoni. Kumwelewesha mama mkwe, mwachie mwanawe. Hiyo kazi wewe huiwezi na hupaswi kuibeba.

Na mumeo mwenyewe naye aandaliwe. Watafiti wa Sweden walifuatilia watu waliofanyiwa upasuaji huu wakiwalinganisha na wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Matokeo waliyotangaza 2018 ni kwamba waliokuwa na wenza waliachana zaidi baada ya upasuaji, na waliokuwa wapweke wakapata wenza zaidi. Silisemi hili kukutisha. Mwili ukibadilika kwa kasi hiyo, mazoea ya nyumbani yanabadilika: anayepika, anayekula na nani, anayeona wivu. Mwanamume aliyezoea kukuletea nyama choma jioni kama ishara ya mapenzi atabaki mikono mitupu, na asipoambiwa alete nini badala yake atadhani amekataliwa. Ongeeni hilo mapema. Ongeeni na uzazi wa mpango pia, maana uzito ukishuka mimba hushika kwa urahisi zaidi, na madaktari hushauri kungoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kubeba.

Wiki za kwanza ni za maji, supu iliyochujwa na uji mwepesi, kisha vya kupondwa, na chakula cha kawaida huja kama baada ya wiki sita hadi nane. Wengi hupita hapo salama kwa sababu wanahudumiwa na kila mtu anauliza hali. Kinachowapata wasichokitarajia ni msiba wa chakula. Utakwenda kwenye shughuli, sahani ya pilau itakuja, utakula vijiko vitatu na umemaliza. Jirani atasema, “Kula mwenzangu, au umetususia?” Utatamani si pilau tu bali kule kukaa na wenzio mikono ikiwa kwenye sinia moja. Watu wengine hulia kabisa kwa ajili ya hilo, na huona aibu kulilia ubwabwa. Si upuuzi. Kama chakula ndicho kilichokuwa kinakupumzisha kila usiku kwa miaka, kuondoka kwake ni kufiwa, na hiyo saa 3 inahitaji kitu kingine cha kuikalia: simu kwa dada, kuhesabu mauzo na Nasra, kutembea mpaka kona na kurudi. Kiamueni wewe na mtaalamu kabla.

Akili nayo huchelewa kuufuata mwili. Utashangaa siku moja, mbele ya kabati lako mwenyewe la dukani, mkono unavuta dera kubwa kuliko yote, unalivaa, linakumeza. Ngozi italegea mikononi na tumboni. Mpasuaji akueleze hilo waziwazi, maana anayelikuta bila kuambiwa huliona kama adhabu.

Mwaka wa pili ndio ninaouhofia kuliko siku ya upasuaji. Sifa zimeisha, uzito umesimama, kliniki zimekuwa za mbali, na matatizo yaliyokuwepo kabla ya kilo kupungua bado yapo yote. Huko Ontario, Kanada, watafiti walifuata wagonjwa zaidi ya 8,000, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba safari za kukimbizwa hospitali kwa kujidhuru ziliongezeka kwa karibu nusu baada ya upasuaji ukilinganisha na kabla. Ni wachache kati ya wote, lakini ndio sababu hatuachi kuuliza. Ukiona siku 14 zimepita huna raha na chochote, hulali au huamki, unawaza kufa, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa upande wa Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi.

Pombe hukuitaja, na huenda haikuhusu, lakini wanasoma na wengine. Baada ya upasuaji, hasa ule wa kuunganisha tumbo na utumbo kwa njia ya mkato, pombe huingia damuni haraka na kwa nguvu. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2012 ulikuta wenye tatizo la pombe wamepanda kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6 mwaka wa pili, wakiwemo wasiokuwa na tatizo hilo mwanzo. Msimu wa mabibo, uraka ukiwa umejaa kila kona, glasi moja inaweza kufanya kazi ya tatu. Asiyekunywa asianze.

Jambo lifuatalo naomba mumeo alisome mwenyewe. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu akitapika siku kadhaa mfululizo, mwili unaweza kuishiwa vitamini B1 upesi. Dalili zake hukaa kichwani: kuchanganyikiwa, kusahau, kupepesuka akitembea, kuona vitu viwiliviwili. Ni rahisi sana familia ikasema amerogwa, au ndiyo ule wazimu aliopelekewa kwa mwanasaikolojia. Ni dharura ya siku ileile. Mkimbizeni hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda, na neno la kwanza kumwambia daktari wa zamu liwe kwamba amepunguzwa tumbo na anatapika, na mnaomba afikiriwe B1 ya sindano kabla ya dripu ya sukari. Ndiyo maana nikasema lazima watu wawili wajue. Siri ya moja kwa moja inaweza kuua. Kwa sababu hiyohiyo vidonge vya vitamini utakavyoandikiwa ni vya maisha, na kama unatumia dawa yoyote ya sonona au kifafa usiiache wala usibadili kipimo bila daktari, maana baadhi ya dawa mwili huzinyonya tofauti baada ya upasuaji.

Wanaoniuliza kuhusu puto, lile linalowekwa tumboni bila kukata na ambalo hospitali ya Mloganzila, Dar, imekuwa ikiliweka: maandalizi ya akili ni yaleyale, na pengine yanahitajika zaidi, kwa sababu puto la kawaida hutolewa baada ya kama miezi sita na njaa hurudi yote.

Mama Nasra, mambo mawili ya kuuliza Dar ukienda. Kwanza, kama mwanasaikolojia atakubali kukufuatilia kwa simu baada ya kurudi, na mara ngapi; dakika 30 za simu kila mwezi zinakufaa kuliko ahadi ya kuonana usiyoweza kuitimiza kwa zaidi ya kilomita 500. Makundi ya simu ya waliofanyiwa upasuaji husaidia pia, ila ondoka kundi lolote linaloanza kukuuzia chai.

Pili, tarehe. Kama una nafasi ya kuchagua, omba Juni au Julai. Masika yatakuwa yamekwisha. Unakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga, na mgonjwa mpya hafai kukwama njiani. Oktoba malipo ya korosho yakianza kutoka na wateja wakifurika dukani, utakuwa umeshazoea kula kidogo kidogo na unaweza kusimama siku nzima, na msaidizi wa duka atakuwa ameshajua kwamba saa 7 mchana unafunga pazia unakula. Na Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia mwanzoni mwa mwaka, itakukuta na miezi saba au minane; hapo unamuuliza daktari kama unaweza kufunga, kwa sababu miezi ya mwanzo kushinda bila maji kwa tumbo hilo hairuhusiwi.